Matibabu Bila Kadi ya Bima: Mgeni wa Afrika Mashariki Katika Kitongoji cha Great Barr

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mgonjwa anayefika mapokezi ya hospitali huulizwa kwanza atalipaje, kwa bima au kwa fedha taslimu, na jibu lake ndilo linaloamua ataelekezwa wapi. Tanzania iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia watumishi wa umma, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote; Kenya nayo iliufunga mfuko wake wa zamani Oktoba 2024 na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo mwenye mshahara huichangia asilimia 2.75 ya pato lake. Mtu aliyekulia katika taratibu hizo anapohamia Great Barr, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Birmingham nchini Uingereza, hutafuta kwanza kadi ya bima, na asipoiona ni rahisi afikie moja kati ya hitimisho mbili zisizo sahihi: ama kwamba matibabu ni ya wenyeji peke yao, ama kwamba kila kitu ni bure na hakuna la kufanya mpaka augue. Kinachomfungulia mgeni milango karibu yote ya tiba nchini humo ni jina lake kuandikishwa katika kituo cha daktari wa mtaa, jambo lisilogharimu hata peni moja, na ambalo huahirishwa kwa wepesi mno hadi siku ya homa.

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, inayojulikana na wote kwa herufi NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri wa afya Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales ambaye mwenyewe aliingia mgodini akiwa mvulana. Kabla ya siku hiyo maskini alitegemea hisani au sheria za maskini. Hospitali ya Winson Green, ambayo vizazi vya wakazi wa Birmingham viliijua kwa jina la Dudley Road na baadaye City, ilifunguliwa mwaka 1889 kwa ajili ya wagonjwa wa nyumba ya kazi, yaani jengo ambamo fukara walipewa chakula na malazi kwa masharti makali ya kufanya kazi. Bevan na wenzake walikata kiungo kati ya tiba na mfuko wa mgonjwa: fedha za NHS hutoka hasa katika kodi za jumla, pamoja na sehemu ya michango ya Bima ya Taifa inayokatwa kwenye mishahara, na daktari hahitaji kujua mgonjwa amechangia kiasi gani. Kwa hiyo, licha ya jina la michango hiyo, huu si mfuko wa bima wenye wanachama na wategemezi, kwa kuwa haki ya kutibiwa inasimama juu ya ukaazi wa mtu nchini. Ndugu aliyeelekea Marekani hukuta hali nyingine kabisa, kwa kuwa huko mfanyakazi hutegemea zaidi bima ya mwajiri, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, chini ya sheria ya mwaka 1996, kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahiki Medicaid, mpango wa serikali kwa watu wa kipato cha chini, isipokuwa jimbo lake liwe limeweka nafuu yake.

Hata hivyo, si kweli kwamba mgeni halipi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014, mtu asiye na kibali cha kuishi bila ukomo hahesabiwi kuwa mkazi wa kawaida, yaani mtu anayeishi nchini kihalali, kwa hiari yake na kwa nia ya kutulia, na kwa sababu hiyo anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hulipa tozo ya afya ya wahamiaji pamoja na ada ya viza yenyewe. Tozo hiyo ilipoanza Aprili 2015 ilikuwa pauni 200 kwa mwaka. Ikapanda hadi 400, kisha 624 mnamo Oktoba 2020, na tangu tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi na kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Uzito wake unaonekana zaidi inapokumbukwa kwamba hulipwa yote kwa mkupuo kabla ya safari, kwa kila mtu na kwa kila mwaka wa viza, kiasi kwamba mume, mke na watoto wawili wanaoomba miaka 5 hutakiwa kutoa pauni 18,110 kabla hawajapanda ndege. Wanaofanya kazi hukatwa baadaye kodi na michango ileile wanayokatwa Waingereza, kwa hiyo familia hiyo huchangia huduma moja mara mbili, na ni vigumu kuuona utaratibu huo kuwa wa haki. Baada ya malipo hayo mgeni anatibiwa hospitalini kama mkazi wa kawaida, isipokuwa kwamba tangu Agosti 2017 tiba ya kusaidia kupata mimba haimo katika haki hiyo, na gharama za dawa, meno na miwani zinamhusu kama zinavyowahusu wengine.

Wapo wasiodaiwa tozo hii, na miongoni mwao ni kundi kubwa la Waafrika Mashariki: wauguzi, madaktari na watu wa kazi ya kea, yaani kuwatunza wazee na wasiojiweza, walioingia kwa viza ya wafanyakazi wa afya na malezi, pamoja na familia zao. Kenya na Uingereza zilitiliana saini mwaka 2021 makubaliano ya kuwaajiri wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya, ingawa sheria zimekaza tangu wakati huo, kwa kuwa kuanzia Machi 2024 wahudumu wa kea wapya hawaruhusiwi kuja na wategemezi, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ya nchi ulifungwa. Wakimbizi waliokubaliwa na waombaji hifadhi ambao maombi yao bado yanasikilizwa nao hawatozwi, na wanatibiwa hospitalini bila malipo. Mkongo kutoka Kivu aliyepangiwa chumba Birmingham wakati akisubiri jibu la serikali ana haki ya matibabu sawa na jirani yake aliyezaliwa hapo, jambo linalostahili kutangazwa kwa sauti, kwa sababu hofu ya kudaiwa fedha huweza kumweka mgonjwa nyumbani hadi hali yake inapoharibika.

Kiini cha mfumo mzima ni daktari wa mtaa, ambaye Waingereza humwita kwa kifupi GP, na ambaye kituo chake huwa jengo la kawaida katikati ya makazi lenye madaktari kadhaa, wauguzi, wapokeaji wageni na mara nyingi mfamasia. Yeye ndiye anayetunza kumbukumbu za afya za mtu, anayeandika dawa za kila mwezi za presha au kisukari, na anayetoa rufaa, kwa maana kwamba isipokuwa katika dharura na huduma chache maalumu mtu haendi moja kwa moja kwa bingwa wa moyo au wa mifupa, hata kama fedha za nauli na muda anavyo. Kuandikishwa katika kituo chake ni bure kwa kila mtu aliyeko Uingereza, mwenye viza na asiye na viza, na wala sheria haimlazimishi mtu kuonyesha pasipoti, hati ya ukaazi, bili yenye anwani au namba ya NHS. Kituo kinaweza kuziomba karatasi hizo, lakini hakiwezi kumkataa mtu kwa sababu hana. Kikimkataa kwa sababu nyingine, kama vile kuishi nje ya eneo lake au orodha yake kujaa, kinapaswa kueleza sababu hiyo kwa maandishi ndani ya siku 14. Yapo mapokezi ambayo bado hudai bili ya umeme kama kwamba ni sharti, na mgeni aliyefundishwa kwao kutobishana na ofisi huondoka kimya; afadhali aombe kwa adabu apewe maelezo ya kukataliwa kwa maandishi, kwa kuwa ombi hilo mara nyingi hutosha kumaliza ubishi.

Great Barr ina ugumu wake ambao mgeni hawezi kuubaini peke yake. Kitongoji hiki, kinachojulikana zaidi kwa makutano ya Scott Arms kwenye barabara ya kutoka Birmingham kwenda Walsall, kimegawanyika kati ya halmashauri tatu, sehemu yake ikiwa Birmingham, sehemu Sandwell na sehemu Walsall, na tangu Julai 2022, ilipoundwa mipaka ya sasa ya bodi za huduma jumuishi zinazopanga fedha za NHS katika kila eneo, upande wa Birmingham ukawa chini ya bodi ya Birmingham na Solihull, na pande nyingine mbili chini ya bodi ya Black Country. Matokeo yake ni kwamba majirani wa barabara moja, wote wakitumia jina Great Barr katika anwani zao, wanaweza kuelekezwa kliniki tofauti za watoto au hospitali tofauti, na ushauri mwema wa rafiki anayeishi nusu maili tu upande wa pili unaweza usifae. Hospitali zinazowahudumia watu wa eneo hili nazo zimebadilika. Midland Metropolitan, iliyojengwa Smethwick, ilikwama mwanzoni mwa 2018 kampuni ya ujenzi ya Carillion ilipofilisika, ikafunguliwa hatimaye Oktoba 2024 na kuchukua vitengo vya dharura vya hospitali mbili za zamani, City na Sandwell. Upande wa kaskazini iko Walsall Manor, na upande wa mashariki Good Hope iliyoko Sutton Coldfield. Mkazi wa muda mrefu anayemwambia mgeni akimbilie City usiku kwa kuwa ndiko alikotibiwa yeye miaka ya nyuma anampotosha bila kujua.

Siku ya kujiandikisha, na katika kila miadi ya baadaye, asiyekimudu Kiingereza vizuri anaweza kuomba mkalimani, ambaye hulipwa na NHS na anaweza kuwa ana kwa ana au kwa simu. Ni vyema aseme waziwazi lugha anayoitaka, kama ni Kiswahili, Kinyarwanda, Kilingala au Kisomali, kwa kuwa mapokezi hayawezi kuikisia kutokana na nchi yake. Desturi ya kumtumia mtoto wa shule kumtafsiria mama yake maneno ya daktari haifai hata inapoonekana kuokoa muda. Mama hatasema mbele ya mwanawe habari za hedhi, za kupigwa nyumbani au za ukeketaji, na daktari atabaki akitibu nusu ya ugonjwa. Mgeni aliyetoka Afrika Kusini mwa Sahara, mwenye umri kati ya miaka 16 na 35 na ambaye ameingia nchini katika miaka 5 iliyopita, anaweza kuitwa apimwe kifua kikuu kilicholala mwilini bila dalili, hata kama alishapigwa picha ya kifua kabla ya kupewa viza, kwa sababu picha ile hutafuta ugonjwa uliokwisha kuamka. Wito huo si wa polisi wala wa uhamiaji. Kifua kikuu, VVU na maradhi mengine ya kuambukiza hupimwa na kutibiwa bure kwa kila mtu nchini Uingereza bila kujali hati zake, na kwa upande wa VVU ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2012.

Mgonjwa aliyezoea kuingia duka la dawa la Kariakoo au Eastleigh na kutoka na antibiotiki mkononi atashangazwa na ukali wa maduka ya Great Barr, ambako dawa hizo hazitolewi bila idhini ya mtaalamu. Hata hivyo mfamasia ana mamlaka zaidi ya yanayodhaniwa, kwani tangu tarehe 31 Januari 2024 anaweza kutibu yeye mwenyewe maradhi saba yasiyo makubwa, yakiwemo maumivu ya koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi na maambukizi ya njia ya mkojo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, bila kumrudisha mtu kwa daktari. Panapokuwa na tatizo linalotaka haraka lakini halitishii uhai, hupigwa simu namba 111, ambayo hujibiwa usiku na mchana na yenye wakalimani. Maumivu ya kifua, kupooza ghafla upande mmoja, kushindwa kupumua au damu isiyokata ni mambo ya namba 999. Kumpata daktari wa mtaa kwenyewe ni kazi, maana kwa miaka mingi vituo vimekuwa vikifungua simu saa 2 asubuhi na nafasi za siku kumalizika mapema, ingawa tangu Oktoba 2025 vinatakiwa kupokea maombi kwa njia ya mtandao katika saa zote za kazi.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa kwa kila Mwafrika Mashariki anayerudi kutoka likizo nyumbani. Homa inayotokea baada ya safari ya Kisumu, Tanga, Gulu au Bukavu ni ya kushukiwa malaria mpaka kipimo kikatae, na daktari wa Birmingham, anayeona mafua kutwa nzima, hatalifikiria hilo asipoambiwa. Anayekaa Ulaya miaka mingi hupoteza sehemu ya kinga aliyokuwa nayo, hivyo malaria aliyoiona utotoni kama usumbufu wa siku tatu inaweza kumuua akiwa na miaka 40. Dawa za kujikinga kabla ya safari kwa kawaida hununuliwa kwa fedha za msafiri mwenyewe, na zina thamani kuliko zawadi nyingi zinazojaza masanduku.

Malipo ya hospitali ndiyo yanayozaa madeni makubwa, na mara nyingi anayedaiwa ni mzazi aliyekuja kuwaona wajukuu. Mwenye viza ya matembezi ya miezi 6 hakulipa tozo ya afya, na ingawa daktari wa mtaa na kitengo cha dharura humhudumia bila malipo, pindi anapolazwa wodini au kupelekwa kliniki ya mabingwa huanza kuandikiwa bili kwa kiwango cha asilimia 150 ya gharama ambayo NHS yenyewe ingeihesabu. Tangu Oktoba 2017 hospitali zinatakiwa kudai malipo hayo kabla ya tiba isiyo ya haraka, lakini tiba ya haraka au isiyoweza kungoja, na uzazi wote umo humo, haipaswi kucheleweshwa wala kunyimwa kwa sababu mtu hana fedha; bili hufuata baadaye, nayo ikizidi pauni 500 na kukaa miezi 2 bila kulipwa wala kupangiwa utaratibu wa kulipwa, huweza kuripotiwa kwa wizara ya mambo ya ndani na kuharibu maombi ya viza ya siku za mbele. Bibi mwenye presha na kisukari anayesafiri kutoka Moshi kuja kumwona mjukuu mpya anapaswa kukatiwa bima ya safari inayotaja maradhi hayo kwa majina, na kukatiwa kabla ya ndege kuruka, kwa kuwa bima iliyoficha ugonjwa haina faida siku ya kudai.

Dawa zinazoandikwa na daktari hulipiwa England, ilhali Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini hazilipiwi. Mwaka 2025 kila dawa ilikuwa pauni 9.90, na anayetumia nyingi alishauriwa kununua cheti cha malipo ya awali cha pauni 114.50 kinachogharamia dawa zake zote kwa mwaka. Watoto, wenye miaka 60 na zaidi, wajawazito na waliojifungua katika miezi 12 iliyopita hawalipi, na vivyo hivyo wenye kisukari kinachotibiwa kwa dawa, kifafa au saratani. Selimundu haimo katika orodha hiyo ya maradhi, iliyotungwa mwaka 1968 na kuguswa mara chache tangu hapo, ingawa ni ugonjwa wa maisha yote na nchini humo unawapata zaidi watu weusi. Ripoti ya wabunge ya Novemba 2021 ilionyesha jinsi wagonjwa wa selimundu wanavyocheleweshewa dawa za maumivu na kutoaminiwa na wahudumu, na kuwatoza dawa juu ya hayo ni dhuluma inayopaswa kuondolewa. Madaktari wa meno wanaopokea wagonjwa wapya wa NHS ni adimu, na huko nako hulipwa. Anayeishi kwa kipato kidogo anaweza kujaza fomu iitwayo HC1, ambayo ikikubaliwa humpatia cheti cha HC2 kinachomwondolea malipo ya dawa, meno na kupimwa macho. Waombaji hifadhi wanaotunzwa na serikali hupewa cheti hicho.

Mjamzito hahitaji kungoja rufaa, kwa kuwa anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa wakunga wa hospitali, na ni bora afanye hivyo kabla ya wiki ya 10 ili vipimo vya damu, kikiwemo cha kuonyesha kama amebeba chembe za selimundu, vifanyike mapema. Mtoto akizaliwa hutobolewa kisigino akiwa na siku 5 hivi, damu ipimwe maradhi kadhaa ya kurithi, na mama hupewa kitabu chekundu cha kuandikia uzito na chanjo, ambacho yeyote aliyewahi kubeba kadi ya kliniki ataelewa matumizi yake bila kufundishwa.

Mfumo huu una uchovu unaoonekana wazi. Mwaka 2025 orodha ya wanaosubiri matibabu ya mabingwa England ilipita milioni 7, na lengo la kumtibu mgonjwa ndani ya wiki 18 baada ya rufaa limeshindikana kwa miaka karibu kumi, hivyo mwenye maumivu ya nyonga aliyezoea kumwona bingwa Nairobi wiki hiyohiyo kwa fedha zake anaweza kungoja karibu mwaka mzima. Foleni hiyo huhesabiwa tangu siku rufaa ilipoandikwa, na rufaa haiandikwi kwa mtu ambaye jina lake halimo popote. Ndiyo maana misikiti, makanisa na vyama vya Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo vya Birmingham, ambavyo tayari humpokea mgeni kwa chakula, koti la baridi na namba za simu za wenyeji wake, vinaombwa viongeze jambo moja katika mapokezi hayo: mtu wa kumsindikiza mgeni katika wiki yake ya kwanza hadi kituo cha daktari kilicho karibu, akiwa na majina ya dawa anazotumia na kadi za chanjo za watoto, na kutoondoka hapo mpaka fomu imepokelewa.